Taa ya Njano

Sasa hivi umeipangusa mashini yako vumbi kwa upindo wa kitenge, ukaukunja waya wake polepole kama mtu anayefunga kidonda, ukaja ukaiweka juu ya etajeri yangu, kati ya betri ya Mzee Hamisi na betri za wale wavuvi wa Kabonga. Ukasema, "Mama, hii itabaki. Labda itakusaidia kwa kazi." Kisha ukavaa sandali, ukaenda kumuaga bibi yako kule anakoanika vidagaa vyake, ndagala. Mlango uliufunga taratibu. Ningependa ungeubamiza.

Nilikuwa nimeshika waya mbili mkononi, nikajifanya natafuta ipi nyekundu ipi nyeusi. Na mimi waya nazijua hata nikiwa usingizini.

Ndiyo maana nimekaa hapa juu ya kreti, nakuandikia kabla hujarudi. Ningesema kwa mdomo, lakini unanijua, Riziki wangu. Nikifungua mdomo nitaanza habari ya sabuni na chandarua, na namna ya kukaa kwa shangazi yako Buyenzi, kule Bujumbura, bila kumchosha. Hayo bibi yako amekwisha kuyasema, na kesho atayasema tena mpaka gari iondoke, kama gari yenyewe itapata mafuta. Mimi nina neno moja tu na limenikaa kooni tangu mvua iliyopita. Shule niliiachia mwaka wa sita, unajua. Ukikuta herufi zimegongana, ziache zigongane, wewe soma.

Mjomba wako alipokuletea mashini hii, kompyuta ya kukunja, kutoka kwenye meza yake ya kutengeneza simu, ilikuwa kizee tayari. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo ukichomoa waya, inazimika papo hapo kama mtu aliyekatwa maneno. Lakini wewe uliipokea kwa mikono miwili. Mwalimu wenu wa hesabu alikuwa amewaonyesha pale shuleni, lise, kwamba mtu anaweza kuandika maneno machache, na mashini ikayasoma ikachora. Ukajiwekea sheria yako mwenyewe: kila siku jaribio moja. Haikuwa kwa pointi, wala mwalimu hakukutuma.

Nilikuuliza, "Na hii inakupeleka wapi?"

Ukasema, "Haiendi popote, mama. Nataka tu kuona kesho itafanya nini."

Nilicheka. Nikakuambia, "Basi iambie kesho ipike ugali." Leo nikiyakumbuka maneno yako, naona kwamba chini ya bati hili hakuna mtu aliyewahi kusema kitu cha furaha kama kile, na mimi nilikijibu kwa ugali.

Maisha yetu unayajua, lakini acha niyaandike, maana mtu akiwa mbali anasahau vitu vilivyokuwa mbele ya pua yake. Umeme wa serikali unakuja unapotaka. Wa kwetu ni ule wa plaki tatu za jua juu ya bati, na ndizo zinazotulisha. Asubuhi wavuvi wanaleta betri za taa zao, jua linazijaza, jioni wanazichukua wanaenda kuwasha taa juu ya ziwa ili ndagala wapande. Wakati wa giza, mwezi usipoonekana, kila tone la jua ni la wavuvi. Mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, maana ndagala wakiwa na taa ya Mungu watafuata ya Hamisi kwa nini? Hapo ndipo umeme ulikuwa wako.

Kwa hiyo majaribio yako yalikuwa yanafuata mwezi. Mbalamwezi ikija ulichora mpaka macho yakawa mekundu: duara zinazopumua, mistari inayojisuka yenyewe, mvua inayonyesha kwenda juu. Giza likirudi, sheria yako hukuivunja. Ulichukua chaki ukaandika yale maneno ya mashini kwenye mlango wa bati wa chumba hiki cha betri, ukasema unayaendesha kichwani. Watu walikuja kuchukua betri wakasimama wanatazama. Bosko, yule kijana wa Mzee Hamisi mwenye mdomo, hakupita bila neno.

"Mama Riziki, hii hirizi ya mulango ni ya kuzuia wezi ao ya kuita wachumba?"

"Ni ya kukuzuia wewe," ukamjibu kutoka ndani.

"Basi imeharibika, maana niko hapa!"

Mlicheka wote wawili. Na mimi nilicheka. Sikujua kwamba kicheko kile kitageuka.

Kuna jaribio moja sikuliona. Ilikuwa mbalamwezi, nilikuwa nimekusuka asubuhi, na jioni ukaniita: "Mama, njoo uone, leo nimechora mikono yako." Nilikuwa napaka grisi kwenye vichwa vya betri. Nikasema, "Baadaye." Ukangoja. Ukaja mpaka mlangoni ukasema ni ule msuko wa asubuhi, umeiambia mashini ifanye kama vidole vyangu vinavyofanya, ianzie katikati izunguke kwenda nje. Nikasema tena baadaye. Kesho yake kulikuwa na jaribio jingine, na mimi sikuuliza.

Hujui kwa nini neno lile la mikono yangu liliniuma, maana sikukuambia. Nilipokuwa na umri wako, hapana, nilikuwa mdogo kuliko wewe, nilikuwa nasuka wasichana wa kwetu kila Jumapili, na kila Jumapili msuko ambao haujaonekana Rumonge. Sikuwa na mtu aliyenifundisha. Nilikuwa nalala juani nikiuona ndani ya kope. Kisha nikabeba mimba yako nikiwa na miaka kumi na sita, na mama zao wakasema vichwa vya watoto wao visiguswe na mikono ile. Nikaacha. Nilikubali haraka sana, Riziki. Hata sikubishana. Nikabaki nakusuka wewe peke yako, mistari minne iliyonyooka, kwa sababu nilikuwa sitaki mtu aulize msuko huo ni wa nani. Ule wa kuzunguka nilikusuka siku ile moja tu, sijui ni nini kilinishika. Nawe ndiye uliyeuona. Na mimi nikapaka grisi.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mvua iliyopita, wale wa Kabonga walihamia pwani yetu wakatafuta mahali pa kujaza betri. Plaki zangu zilikuwa zinatosha timu ya Mzee Hamisi, basi. Lakini sikusema hapana. Niliona ni bahati imegonga mlango, na kwamba wewe unaelekea kumaliza lise na mimi nilitaka uende mbali. Nikapokea betri zote. Na wiki ile mawingu yakakaa juu ya ziwa kama kifuniko cha sufuria.

Unajua lile kasha la ukutani lenye taa ndogo. Nyekundu ni njaa, njano ni nusu, kijani imejaa. Mtu mwaminifu anatoa betri kwenye kijani. Mimi wiki ile nilizitoa kwenye njano. Wakati wa kuzichukua ukifika, nilikuwa natundika kitambaa mbele ya kasha, kama mtu anayeanika, ili wasione. Mzee Hamisi alikuwa akiuliza kama anavyouliza siku zote, "Ziko zimejaa, mutoto wangu?" Nami nilikuwa nikijibu, "Zimejaa, baba."

Betri ya nusu inawasha vizuri mwanzoni. Inakufa katikati ya kazi, pale ndagala wamekwisha kukusanyika na wavu haujavutwa. Taa inafifia, samaki wanatawanyika, watu wanarudi na maji. Wakarudi hivyo siku ya kwanza. Wakarudi hivyo tena. Nilisikia wanalalamika, nikajiambia kesho jua litatoka.

Na wewe siku hizohizo ulikuwa na jaribio la samaki. Uliomba dakika chache za umeme mchana, nikakupa, kwa sababu nilikuwa najisikia vibaya kwa kitu ambacho hukijui. Ukaniita, na mara hii nilikuja. Nuru katikati, na vitu vidogo vyeupe vingi vinaizunguka. Nilishika mdomo. Walikuwa ndagala kabisa, Riziki, hata ile namna ya kugeuka wote mara moja.

"Nani anawaamuru wageuke pamoja?" nikauliza.

"Hakuna. Kila samaki namwambia mambo matatu tu. Fuata jirani yako. Usimgonge. Penda mwanga."

"Basi?"

"Basi. Na tazama, nikipunguza mwanga..." Ukabonyeza, nuru ikawa ndogo, na wote wakatawanyika mpaka kioo kikabaki cheusi.

Ulikuwa umechora kile nilichokifunika kwa kitambaa.

Na Mzee Hamisi alikuwa amesimama mlangoni na Bosko nyuma yake. Hatukuwasikia. Bosko ndiye alianza, na mara hii hakucheka.

"Baba, umeona? Anawafukuza! Angalia vile wanakimbia!"

"Ni mchezo tu, kaka Bosko," ukasema. "Taa ikipungua wanaondoka. Mimi ndiye nimewaandika hivyo."

"Umesikia? Yeye mwenyewe anasema! Ni yeye anawaandika!"

Mzee Hamisi si mtu mbaya. Amekubeba mgongoni ukiwa mdogo. Lakini alikuwa na siku mbili za kurudi bila kitu, na watu wake wana watoto. Alitazama mashini, akatazama chaki ya mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Riziki, hii ni uchuro. Sisi tunaita samaki na betri za nyumba hii, na ndani ya nyumba hii kuko mutu anawafukuza. Tutapeleka betri kwingine."

Hapo ndipo, mwanangu. Neno moja tu lilihitajika. *Betri hazikujaa, baba, kosa ni langu.* Nililiona neno lile, lilikuwa limekaa pale mbele yangu kama kikombe juu ya meza. Na nikakugeukia wewe.

"Futa," nikasema.

"Mama?"

"Futa mbele yao."

Ulinitazama. Ulikuwa unangoja nikukonyeze, ujue ni mchezo wa kuwatuliza wazee. Sikukukonyeza. Ukabonyeza, samaki wakapotea. Na mimi, kama vile hiyo haikutosha, nikachukua kitambaa, kilekile cha kwenye kasha, nikakilowesha, nikafuta mlango wote. Huku nafuta nikasema, "Watoto wa siku hizi, baba, michezo yao haina akili." Nikacheka. Bosko akacheka. Wewe ulikuwa umesimama pale na chaki mkononi.

"Murakoze, Mama Riziki," akashukuru Mzee Hamisi. "Sasa tutaona."

Wakaona. Kesho yake jua likatoka kali, taa zangu zote zikawa za kijani kabla ya adhuhuri, na usiku huo wakavua mpaka mitumbwi ikazama shingoni. Asubuhi tuliwasikia wakiimba. Bosko alituletea beseni ya ndagala wabichi, akasema, "Mama, umeona? Ulivyofuta, walirudi." Nikapokea. Nikawakaanga na nyanya na mawese ya bibi yako, nikakuwekea sahani. Ulikula, kwa sababu wewe ni mtoto mwenye adabu. Ningekuwa mimi ningemwaga. Tuliula uongo wangu na ugali, wewe ukafikiri labda kweli una mkono mbaya.

Najua ulifikiri. Nilikusikia ukimwuliza bibi yako kama mtu anaweza kuleta uchuro bila kujua. Bibi akakuambia usali. Nilikuwa nyuma ya ukuta nimeshika ufagio. Ningeweza kuingia. Nilifagia.

Halafu watoto wa barabarani wakaanza, "Fukuza-samaki anapita! Ficheni ndagala!" Wewe ukacheka nao siku mbili tatu, kisha ukaanza kupitia njia ya nyuma. Mbalamwezi ikaja. Nilikungoja. Betri zilikuwa zimelala, umeme wote ulikuwa wako, nikakuwekea hata kiti. Hukuifungua mashini. Wiki nzima kasha liliwaka kijani bila mtu wa kuutumia umeme, na kijani kile kilikuwa kinanitazama kuliko macho ya watu. Ukaanza kunisaidia kupaka grisi. Watu wakasema, "Riziki amekuwa mutu muzima sasa." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo, maana msichana anayepaka grisi hakuna anayeuliza habari zake.

Sasa unaondoka, na umeamua kuiacha hapa. Sikuambii ubadilishe masomo. Ualimu umeuchagua, utakuwa mwalimu mzuri, utawaambia watoto mambo matatu tu na watageuka pamoja. Lakini usiache jaribio lako la kila siku kwa sababu ya uchuro ambao haukuwepo. Samaki hukuwafukuza wewe. Niliwafukuza mimi, na kitambaa changu.

Nimewaza sana yale mambo matatu uliyowapa. Fuata jirani, usimgonge, penda mwanga. Mimi siku ile nilikuwa ndagala, Riziki. Nilimfuata Hamisi, nikaogopa kumgonga, na mwanga niliokuwa nao nyumbani mwangu nikaupunguza kwa mkono wangu mwenyewe. Sijui kama katika maneno ya mashini kuna namna ya kumwandika samaki mmoja anayebaki nyuma akasema subirini. Wewe utajua. Kama ipo, ijaribu siku moja, hata kama itaharibu mchoro.

Juzi nilitengeneza bawaba ya mlango, nikakuta chini kabisa, pale kitambaa hakikufika, mstari mmoja wa chaki yako umebaki. Siwezi kuusoma. Una mabano na namba na neno moja la Kifaransa ambalo silijui. Sikuugusa. Ukipita angalia, uniambie unafanya nini. Na ule mchoro wa mikono yangu, kama bado umo ndani ya mashini, sasa ndiyo ile baadaye. Nimechelewa, lakini nimefika.

Betri ya ndani, mjomba wako anasema ya aina hiyo haipatikani hapa, itafutwe Bujumbura. Ataulizia. Ikipatikana, hakutakuwa na mtu wa kukuchomolea waya.

Nimeishusha mashini kutoka kwenye etajeri. Nimeiweka juu ya kitanda chako, pembeni ya sanduku. Ndani ya sanduku sikuitia, maana nimekwisha kukuamulia vya kutosha. Barua hii nitaiweka juu yake.

Kuna kitu kimoja bado, na barua haiwezi kukifanya. Leo giza la mwezi limeanza na mawingu hayakuondoka toka asubuhi. Nimekiondoa kitambaa. Kutoka hapa nilipokaa naiona taa ya kasha, na ni ya njano. Betri zote. Nilifikiri nitamwambia Mzee Hamisi kesho, ukiwa umekwisha kuondoka, ili usiione aibu yangu. Halafu nikaona hicho ni kitambaa kingine. Neno la uchuro alilisema mbele yako, kwa hiyo hata hili alisikie mbele yako. Akipeleka betri kwingine, apeleke. Plaki zitabaki, jua litabaki, tutatafuta...

Nasikia sandali zako. Nasikia na sauti yao, Bosko anakutania, anasema Bujumbura wajifiche, na wewe unamjibu lakini sikusikia umesema nini. Unaniita.

"Mama! Uko wapi? Mzee Hamisi amefika, anauliza betri ziko zimejaa?"

Nakuja. Riziki, nitakuambia usiingie chumbani bado, usimame hapohapo mlangoni karibu na mstari wako, nataka usikie kwa masikio yako nikimwambia kwamba...